Mchawi wa Kitabuni na Jirani wa Mlangoni

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri mlangoni pa sakristia. Alikuwa amefunga kitu katika khanga yake, naye akitazama huku na huku kama mtu aliyechukua mali isiyo yake. Alipoifungua khanga nikaona kitabu. Alikikuta chini ya godoro la binti yake, mwanafunzi wa sekondari aliyerudi nyumbani kwa likizo. Akaniambia, "Padre, kitabu hiki jina lake lataja mchawi. Nimekuleteeni mkichome moto."

Nilimwomba aniachie majuma mawili nikisome, kwani si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na kitabu vivyo hivyo. Tena najua kwamba si mama huyu peke yake anayesumbuka. Hadithi za vijana wenye nguvu za uchawi zimeenea mashuleni, na wazazi wengi hawajui wafanye nini. Basi yafaa niwajibu wote pamoja.

Kitabu chenyewe chaitwa Akata Witch. Kilitolewa mwaka 2011. Mtungaji wake ni mwanamke, Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani mwaka 1974 kwa wazazi Waigbo wa Nigeria. Hadithi yahusu msichana wa miaka 12, Sunny Nwazue, aliyezaliwa New York na kuhamia na wazazi wake katika mji wa Aba, Nigeria. Sunny ana ualbino. Apenda mpira wa miguu, lakini hawezi kucheza na kaka zake mchana kwa sababu ya jua. Shuleni wenzake humtukana. Neno "akata" ni neno la dharau ambalo huko Nigeria huitwa nalo Mwamerika mweusi. Kwa hiyo mtoto huyu adharauliwa mara mbili, kwa kuzaliwa ugenini na kwa rangi ya ngozi yake.

Halafu Sunny agundua kuwa yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye nguvu zisizo za kawaida. Katika jamii hiyo fedha haziibwi wala hazitafutwi kwa damu: mtu akijifunza jambo jipya, zadondoka zenyewe miguuni pake. Hapo ndipo atokeapo mtu mwovu, Black Hat Otokoto, anayeteka watoto ili apate nguvu kwa uhai wao. Jina la Otokoto lawakumbusha Wanigeria mambo ya mji wa Owerri mwaka 1996, mtoto wa kiume alipouawa kwa ajili ya utajiri wa kishirikina, hata watu kwa hasira wakachoma nyumba. Sunny na rafiki zake watatu watumwa na wazee wao kumkabili mwovu huyo. Hadithi ni ya giza kweli, wala siwashauri kuwasomea watoto wadogo wakati wa kulala.

Je, Mkristo aweza kusoma hadithi ya namna hii? Kwanza tuseme wazi lile ambalo Kanisa halilegezi hata kidogo. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, chakataza ramli na ulozi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2116 na 2117, yakataza vivyo hivyo kupiga ramli, kutaka kuzitawala nguvu za siri, na hata kuvaa hirizi. Anayekwenda kwa mpiga ramli amwondolea Mungu imani yake na kuikabidhi kwa mwanadamu. Hilo halina mjadala.

Lakini kusimulia habari za mchawi si kufanya uchawi. Biblia yenyewe, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 28, yatusimulia jinsi mfalme Sauli alivyokwenda usiku kwa mwanamke mwaguzi wa Endori. Bibi zetu walitusimulia mekoni habari za mazimwi yaliyomeza vijiji vizima, nasi hatukutoka pale tukawa mazimwi; tulitoka tukijua kwamba tamaa huua na kwamba mtoto mdogo mwenye akili aweza kuwaokoa wakubwa. Yule mama alinikumbusha Waefeso waliochoma vitabu vyao vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, katika Matendo ya Mitume, sura ya 19. Naam. Lakini tuangalie vema: waliovichoma walikuwa wenyewe wenye kufanya uganga huo, na vitabu vyao vilikuwa vya kuufanyia kazi, si vya hadithi. Tena walichoma vya kwao wenyewe, wala hawakumchomea jirani.

Sisemi kwamba kitabu hiki hakina neno la kukosoa. Sunny ayaficha mambo makubwa asiwaambie wazazi wake, na msomaji kijana aweza kuliona hilo kuwa ushujaa. Tena nguvu zile za siri zaonyeshwa kama kipawa cha kuzaliwa nacho. Sisi twajua kwamba vipawa vyote hutoka kwa Mungu, na huombwa kwa sala, wala havitawaliwi kwa visu na maneno ya siri. Aidha, katika hadithi Sunny apata kustahimili jua kwa nguvu hizo. Watoto wetu wenye ualbino hawatapata dawa hiyo. Wao wahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kama yale yatengenezwayo Moshi, miwani, na kiti cha mbele darasani ili wauone ubao.

Hapa ndipo hadithi ya Aba yaingia nyumbani kwetu. Tangu miaka ya 2006 na 2007 makumi ya watu wenye ualbino wameuawa katika Tanzania, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na wengine wamekatwa viungo wakiwa hai. Walioua walitumwa na watu wenye fedha, na wenye fedha walidanganywa na waganga kwamba kiungo cha mwanadamu chaleta bahati. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Sheria ni njema, lakini sheria haiingii moyoni. Sababu ya ualbino yajulikana: baba na mama, kila mmoja amebeba urithi ule bila kuonekana mwilini mwake, na mtoto aupokea kwa wote wawili. Hapana jini hapo, wala laana, wala uzinzi wa mama. Mtoto yule ni sura ya Mungu, sawasawa na mwanao na wangu mbatizwa. Hata neno "zeruzeru", ambalo wengi wetu tulilitamka bila kufikiri, yafaa tuliache, kwani limewaliza wengi.

Basi angalieni ajabu hii. Katika kitabu, yule aitwaye mchawi ni mtoto anayehatarisha uhai wake awaokoe watoto wengine. Katika nchi yetu, wajiitao waponyaji waliwauza watoto. Ni nani wa kuogopwa?

Majuma mawili yalipokwisha yule mama alirudi. Nikamwambia niliyoyaona kitabuni. Kisha nikamwuliza, "Mama, nyumbani kwako hamjapata kwenda kwa mpiga ramli?" Akainama. Haya hakuniambia kitubioni, naye ameniruhusu niyaandike bila jina. Miaka mitatu iliyopita alifiwa na mtoto wake wa mwisho kwa homa. Ndugu wa mume wakaenda kupiga ramli, na mpiga ramli akamtaja bibi mmoja mjane akaaye ng'ambo ya njia, mwenye macho mekundu. Hawakumpiga, hawakumchomea nyumba. Waliacha tu kumwamkia. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Kisimani wanawake humwachia nafasi kubwa, kama mtu mwenye ukoma.

Macho mekundu! Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi na samadi kavu, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa na rangi gani? Kwa ajili ya moshi huo wa kuwapikia watoto na wajukuu, bibi wengi wa nchi hii wameuawa kwa mapanga.

Kanisa nalo lina la kujutia. Huko Ulaya, katika karne ya 16 na ya 17, Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti, waliwachoma moto maelfu ya watu kwa shutuma za uchawi. Katika Ujerumani alikuwako padre Mjesuiti, Friedrich Spee, aliyesikiliza maungamo ya wanawake waliohukumiwa. Mwaka 1631 alitoa kitabu, bila kuweka jina lake, akieleza kwamba mateso ndiyo yaliyowafanya watu wakiri uchawi, na kwamba yeyote akiteswa vile angekiri. Aliona yale ambayo mahakimu hawakutaka kuyaona: kwamba mchawi wao alitengenezwa na hofu yao.

Wazazi wapenzi, msivichome vitabu vya watoto wenu. Visomeni pamoja nao. Kanisa lenyewe liliondoa nguvu ya sheria ya orodha yake ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1966, si kwa kuwa vitabu vyote ni vyema, bali likiiachia dhamiri ya Mkristo mzigo wa kupima. Dhamiri ya kijana haijui kupima kama hakuna wa kuifundisha. Mwulizeni: huyu alipata wapi nguvu zake, na alizitumia kwa nani? Nani aliumia ili mwingine atajirike? Nasi tungalimpokeaje Sunny kama angalikuja kuketi kwenye benchi letu kanisani? Kijana akikuficha kitabu chini ya godoro, ujue kwamba hakukifichia kitabu, alikufichia maswali yake.

Nilimrudishia mama kitabu chake. Nikamwambia, "Msome jioni pamoja na binti yako. Lakini kabla hamjakifungua, vuka njia, ukabishe hodi kwa yule bibi."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Nikifika nimwambie nini, Padre?"

Nikamjibu, "Mwambie shikamoo. Miaka mitatu hajaisikia kwako."

Wasomaji wapenzi, kila mmoja wetu aujua mlango anaoupita bila kubisha hodi. Juma hili tuubishe.