WINGI SI BARAKA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baad. Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa Mwenyiezi Mungu, Subhanahu wa Taala, hakuumba mti wa mwituni illa ameuwekea wakati wake wa kuzaa.

Katika misitu ya Uingereza uko mti mkubwa uitwao bichi, uwezao kuishi zaidi ya miaka 200. Mti huu kwa tabia yake hauzai sawasawa kila mwaka. Kiangazi cha joto ndicho alama yake: kikipita, mwaka wa pili yake miti hutoa maua kwa pamoja, mfano wa jamaa walioinuka kwa adhana moja wakapanga safu. Na hikima yake ni mbili. Ya kwanza, unga wa maua huwa mwingi katika upepo, na kokwa zikajaa. Ya pili, yuko nondo ambaye viwavi wake hula kokwa hizo. Miaka ya uhaba humpunguza kwa njaa, na mwaka wa neema ukija hawezi kuzimaliza.

Wataalamu wa mimea walihesabu mbegu za miti 139 huko, tangu mwaka 1980 hata 2018, na khabari ikatolewa mwaka 2020. Joto lilizidi, na mbegu zilizidi. Atasema mtu: hii ni kheri. La, si kheri. Kwani viangazi vya joto vilipokithiri, alama ilikuwa kama adhana isomwayo kila saa: huyu huinuka, yule hukaa, na safu ikavunjika. Nondo akapata chakula chake mwaka baada ya mwaka, na maua mengi yakakosa unga wa kuyatosha. Mbegu nyingi zikaanguka, ama tupu, ama zimeliwa. Na miti mikubwa ndiyo iliyopata khasara zaidi. Huo ndio wingi usio na baraka.

Wala asiseme mtu: ni kadari tu. Sababu yake ni mikono ya wana-Adamu, wachomao makaa ya mawe na mafuta pasi na kiasi, hata hewa ya ukaa ikalizuia joto lisitoke duniani. Na israfu imekatazwa, na ardhi ni amana. Basi mwenye nyumba na azime taa isiyo na kazi, na mwenye safari fupi aende kwa miguu. Na mwenye amri juu ya watu ataulizwa zaidi, kwani moto wake ni mkubwa zaidi.

Wa billahi ttawfiq.