Idadi Ndiyo Bosi

Wakuu wa kampuni za teknolojia husifiwa au kulaumiwa kwa tabia zao: huyu huwaachia vijana uhuru, yule hubana kila kitu. Mimi naona sehemu kubwa ya hicho tunachokiita mtindo wa uongozi huamuliwa na idadi ya watu, kabla mkuu hajafungua kinywa.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu endeshi ya OS/360 pale IBM katika miaka ya 1960, aligundua kwamba hata mabaharia wakizidi chombo huyumba. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 alieleza kuwa mradi wa programu uliochelewa, ukiuongezea watu, huchelewa zaidi. Wageni hufundishwa na walewale waliolemewa na kazi, na kila anayeingia huongeza watu wa kuelewana nao. Watu 5 wana jozi 10 za kuzungumza. Watu 50 wana jozi 1,225. Hakuna upole wala ukali wa bosi unaopunguza hesabu hiyo.

Ndiyo maana uhuru wa timu ndogo hunivutia bila kunishangaza. Facebook ilipotangaza kuinunua WhatsApp mwaka 2014, wafanyakazi wapatao 55 walikuwa wakihudumia watumiaji milioni 450. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000, waasisi wa Google walipojaribu kuwaondoa mameneja wa wahandisi, jaribio lilidumu miezi michache tu. Watu walimfuata Larry Page, mmoja wa waasisi hao, na madai ya kurudishiwa fedha walizotumia na ugomvi wao wa kazini. Cheo kilifutwa, kazi ya cheo ikabaki pale pale.

Basi kampuni ikikua hadi watu wasijuane, kumwongoza mtu usiyemjua ni kufanya nini? Kwa watu watano, imani hutokana na kujuana: najua fulani akisema kesho, ni kesho kweli. Kwa watu mia tano imani hiyo lazima ihamie kwenye taratibu, na hapo waasisi wengi huumia, kwa sababu utaratibu huonekana kama dharau kwa urafiki wa zamani. Sikubali kwamba ni dharau. Hata katika timu ya watu sita isiyo na bosi, aliyeandika programu ya kwanza ndiye huamua, na kwa kuwa hana cheo, hakuna wa kumhoji. Urasimu una maudhi yake (na fomu zake!), lakini angalau mamlaka hukaa mahali yanapoonekana.

Ukiitwa kwenye usaili wa kampuni kama hizi, usihangaike sana kuulizia tabia ya mkuu. Uliza timu yako itakuwa na watu wangapi, na ni mambo gani inaruhusiwa kuyaamua bila kusubiri jibu kutoka juu.