Lulu Hupandwa, Kijana wa Baraka!

Wewe uliyekaa kando ya Ziwa Tanganyika hapo Mushimbakye, unangoja nini?

Unangoja ONG ilete mradi? Unangoja shemeji aliye Misisi apate dhahabu ndipo akukumbuke? Unangoja vita viishe kabisa na barabara ya Uvira itengenezwe?

Utangoja sana.

Wanawake wa Fumba, kule Unguja, walizoea kuwafuata chaza kwa miguu maji yakitoka. Walipika, wakala. Kisha wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wakakaa nao, wakajaribu jambo jingine: kumfuga chaza yule yule ili atoe lulu.

Uchawi? Wapi! Kazi.

Chaza hai unamfungua kidogo tu, unamtia kabari. Ukizidisha, msuli unakatika, umemuua. Ndani ya gamba unagandisha kwa gundi kipande kidogo cha plastiki, umbo la nusu mpira. Unamrudisha baharini, ananing'inia kwenye kamba yenye maboya. Kile kipande hawezi kukitema, basi anakipaka utando wake unaong'aa, tabaka juu ya tabaka. Na wewe hulali! Mwani unamvamia, takataka zinamganda, unamtoa, unamsugua, unamrudisha. Tena. Na tena. Karibu mwaka mzima, ndipo unakata nusu lulu, unaing'arisha, inakuwa hereni.

Karibu mwaka mzima! Wewe ulifuga kuku ukamuuza kabla hajataga.

Kokichi Mikimoto wa Japani, mfugaji wa chaza wa lulu, alikuwa mtoto wa muuza tambi. Mwaka 1892 bahari iligeuka nyekundu, ikamwulia chaza wake wengi. Je, alikaa kulaumu bahari? Julai 1893 alikuwa na nusu lulu mkononi.

Sisemi ukamlete chaza wa Unguja umtie Ziwa Tanganyika. Atakufa, yule ni wa maji ya chumvi. Lakini ziwa lako lina kome wa maji baridi, na Wachina huvuna lulu kwa kome wa maji baridi wa kwao. Wako umewahi kuwatazama? Umewahi hata kuuliza?

Haya, kome wa mbali? Tazama ndagala basi!

Ndagala inaanikwa mchangani, kuku wanaikanyaga, mvua ikija inaoza, na ikifika sokoni inauzwa pamoja na mchanga wake. Mnunuzi anatema, bei inashuka, wewe unalaumu serikali. Miti huna? Nyavu chakavu huna? Zimejaa ufukweni! Funga chanja, inua samaki juu ya mchanga, upepo upite juu na chini. Inahitaji diploma?

Nguvu unazo. Akili unayo. Ziwa liko mlangoni pako.

Usiku huu taa za wavuvi zitawaka. Alfajiri ndagala inashuka.

Chanja yako iko wapi?