Msikate Miwa Michanga



Wachumba wanapofika kwa mafundisho ya ndoa, huuliza mengi juu ya watoto na wakwe, lakini juu ya fedha hunyamaza. Kumbe baada ya arusi ugomvi mwingi huanzia hapo. Basi tuanze na swali hili: je, Mkristo akitafuta mali atenda dhambi?

La hasha. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mshahara wa haki umwezeshe mtu kutunza familia yake na kuweka akiba, hata apate mali yake mwenyewe. Kutafuta mali ni halali. Yatupasa kuangalia njia tunayopita na mwendo wetu.

Sisi wa Kanduyi twaujua mwendo huo. Mahindi huvunwa baada ya miezi michache, lakini miwa ya kwanza huhitaji karibu mwaka mmoja na nusu. Aikataye ikiwa michanga hupata uzito mdogo na sukari kidogo. Mwaka 2023 viwanda vya sukari vya magharibi ya Kenya viliamriwa visimamishe kusaga kwa miezi kadhaa, kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imepungua mno mashambani. Hata mkulima aliyekuwa amengoja vizuri alikosa pa kupeleka yake.

Siwalaumu wote waliokata mapema. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, au mgonjwa akilazwa hospitali, mzazi huuza alicho nacho. Kuzidiwa na shida si tamaa. Nasema juu ya yule ambaye chakula kipo, watoto wako shuleni, lakini ataka awe tajiri kabla ya Krismasi kwa kuwa jirani amenunua gari.

Mtu huyo huanza kwa kumficha mwenzake. Kwa nini? Kwa sababu akisema, ataulizwa: faida hiyo yatoka wapi? Tukipoteza, nani atalipa? Na mali ya haraka haipendi maswali. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha upatu ulioitwa DECI, ambao miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Kuweka fedha kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Lakini shamba halikuwapo. Fedha za waliokuja nyuma ndizo walizolipwa waliotangulia. Swali moja la mke au mume, "Mbegu hii yaota wapi?", lingeweza kuokoa nyumba nyingi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 juu ya mali ya wanandoa yakataza mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ni sheria njema. Lakini baba akimwambia mama watoto, "Weka sahihi hapa," bila kumweleza neno, amepata sahihi tu, ridhaa hajaipata.

Tena, kupatana peke yake hakutoshi. Anania na Safira, tunaosoma habari zao katika Matendo ya Mitume sura ya 5, walipatana sana. Waliuza kiwanja, wakapatana kuficha sehemu ya fedha, na kila mmoja akasema uongo uleule. Mungu hakukupa mwenzi ili akusaidie kuficha. Amekupa mtu wa kwanza wa kukuuliza.

Basi fanyeni hivi. Siku moja kila mwezi, watoto wakiisha kulala, wekeni mezani hesabu yote: ya maziwa, ya boda boda, ya chama, na madeni pia. Tengeni sadaka na karo, kisha akiba, hata ikiwa ni shilingi 100. Mradi ambao mmoja wenu hawezi kumweleza mwenzake kwa maneno rahisi, uacheni. Na kama liko deni lililofichwa, liletwe usiku huohuo. Wewe unayeambiwa, usipige kelele. Ukimpigia kelele leo, mwezi ujao atanyamaza, nanyi mtarudi gizani.

Kitabu cha Methali (13:11) chafundisha faida ya kukusanya kidogo kidogo. Hata hivyo huenda msiwe matajiri. Mungu hakumwahidi kila mwenye subira jengo la ghorofa mjini Bungoma. Miwa yaweza kuungua, ng'ombe aweza kufa. Lakini siku hiyo mtasimama wawili mbele ya hasara, na hakuna atakayemwuliza mwenzake, "Ulinificha nini?" Nyumba ya namna hiyo yaweza kuanza tena.

Mungu azibariki familia zenu.