Je, Kuulinda Moyo ni Kukosa Tawakali?

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Katika maneno yasemwayo sana barazani hapa Kariakoo ni hili: mtu akiambiwa apunguze chumvi, au aende akapimwe presha ya damu, hujibu kwamba ajali haina kinga, naye ametawakali kwa Mwenyezi Mungu. Neno hili kwa sura yake ni zuri, wala hapana Muislamu wa kulikanusha. Walakini yatupasa tutazame: huyo asemaye ametawakali kweli, ama afuata tumbo lake akalivika joho la dini?

Mtazame mtu huyo huyo afungapo duka lake mtaa wa Msimbazi. Hutia kufuli tatu, akazivuta moja moja, kisha akamlipa mlinzi wa usiku. Soko letu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wala sijamsikia mfanya biashara hata mmoja akisema kwamba kujikinga na moto ni upungufu wa imani. Basi ni imani gani hii, iamkayo mbele ya sahani ya biriani, ikalala mbele ya sanduku la fedha?

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Sham alifika Sargh, akapata khabari ya tauni, akaazimu kurejea. Abu Ubaida akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba aiepuka kadari ya Mungu kwa kuiendea kadari ya Mungu vile vile, akampigia mfano wa mchunga ngamia mbele ya bonde lenye majani na bonde kavu. Sababu nazo zimo ndani ya kadari.

Huenda mwanafunzi akatujibu kwamba Imamu Nawawi, baada ya kusema kutibiwa kwapendeza, ametaja fadhila ya mwenye kuacha dawa kwa kutawakali. Ni kweli. Lakini kuacha dawa ni jambo moja, na kujitilia maradhi kwa mkono wako ni jambo jingine. Avutaye sigara pakiti nzima kila siku hakuacha kitu kwa ajili ya Mungu. Ameshika kitu kwa ajili ya nafsi yake. Na Izzuddin bin Abdissalam, imamu wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliifananisha tiba na sharia, kwani zote mbili zimewekwa kuleta maslaha na kuondoa madhara.

Ama maradhi haya, ubaya wake khasa ni kimya chake. Presha hupanda miaka mingi pasi na maumivu. Mishipa hukakamaa, moyo husukuma kwa taabu, hata siku moja mtu huanguka kwa kiharusi, au moyo wenyewe husimama. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu katika mwaka 2019 watu kiasi cha milioni 17.9 waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Na aliyepooza haumii peke yake: mkewe ndiye amgeuzaye kitandani, na mwanawe huacha chuo akakae dukani. Hao wana haki katika mwili huu, nao hawakuulizwa.

Na kinga yake si ngeni kwetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumbo kuligawa mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Matabibu husema chumvi isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha tiwa jikoni. Basi ya nini kunyunyiza tena juu ya chipsi kabla hujazionja? Husema tena mtu atembee kwa haraka dakika 150 kwa juma. Mwenye kwenda Msikiti wa Mtoro kwa miguu, badala ya kupanda bodaboda, ameipata sehemu yake na thawabu juu. (Kwenda tumeamrishwa utulivu, haraka na iwe wakati wa kurudi.)

Aliyekwisha andikiwa vidonge vya presha asiviache kwa kujiona mzima, kwani huenda uzima huo watokana na vidonge. Na akitaka kufunga Ramadhani, amwendee tabibu wake tangu Shaabani, wapange dawa za daku na za futari. Akiambiwa na tabibu mwaminifu kwamba saumu itamdhuru, ruhusa ya kula ni ya Mwenyezi Mungu, si ya tabibu.