Je, Mgeni Ana Haki ya Kuogopa?

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi ni mtoto wa Dodoma. Maji niliyokua nayo ni ya ndoo na dumu, na bwawa kubwa nililoliona utotoni ni Hombolo, tena kwa mbali, nimeshikwa mkono. Kwa hiyo nikizungumza habari za bahari, ndugu msomaji wa pwani, cheka kidogo halafu unisikilize.

Siku hizi kwenda Unguja kupumzika si mambo ya Wazungu peke yao. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, vijana wa mtaani wanachangishana, wanapanda asubuhi, wanaunganisha boti Dar es Salaam, na jioni wako Forodhani wanakula urojo. Kila anayekwenda hupewa mzigo wa nasaha: usiwafuate papasi, simu weka mfuko wa mbele, usikatize Mji Mkongwe umevaa kama unatoka bafuni, jua la kule linaunguza hata ngozi yetu. Nasaha nzuri zote. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia nifanye nini pale ambapo mtu mwema, mzee wa heshima, ananikaribisha ndani ya chombo chake na moyo wangu unakataa kupanda.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Mgeni ana haki ya kuogopa mbele ya mwenyeji wake? Na akiogopa, ana haki ya kusema?

Tulikuwa wanne, mwezi wa saba, msimu wa kusi, upepo unavuma kweli kweli. Tulitaka kuvuka kwenda kisiwa kidogo kinachoonekana kabisa kutoka ufukweni. Pamoja nasi ilikuwapo familia ya watu watano kutoka Morogoro. Nahodha alikuwa mzee, na msaidizi wake kijana wa rika la kidato cha kwanza. Jumla watu kumi na mmoja. Majaketi ya kuokolea yalikuwa sita, yamefungwa kamba chini ya benchi kama kuni.

Mwenzetu mmoja, dada ambaye ni fundi cherehani pale Majengo, akauliza.

"Shikamoo, babu. Majaketi mengine yako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mengine ya nini? Si hapo tu! Bahari hii nimeanza nayo baba yako hajazaliwa."

Sisi wengine tukaangalia mchanga. Mmoja wetu akamnong'oneza dada, "We, unatutia aibu, tumekuja ugenini." Baba wa ile familia akaanza kuhamaki, watoto wanachomwa jua, twende zetu bwana. Dada hakupandisha sauti. Akasema basi, babu, tuvushe kwa awamu mbili. Mzee akauliza, kwa haki kabisa, mafuta ya awamu ya pili atalipa nani. Tukaangaliana. Mwishowe akamtuma kijana akaazime majaketi kwenye boti iliyokuwa imelala mchangani. Akarudi nayo manne. Jumla kumi. Mzee akakataa katakata kuvaa, kwa hiyo kila mwingine akapata lake, pamoja na yule kijana. Wenzake waliokuwa ufukweni wakampigia kelele, "Leo umekuwa mtalii!" Naye akainama, akacheka cheko la mtu aliyefumaniwa.

Tukavuka salama. Boti nyingine iliyotutangulia, imejaa kuliko yetu na haina hata jaketi moja mwilini mwa mtu, nayo ikafika salama. Jioni dada alitaniwa mpaka akachoka. Na hapa ndipo ugumu wa jambo hili. Ajali ambayo haikutokea haina shahidi. Aliyeuliza huonekana mwoga, aliyenyamaza huonekana mstaarabu, na bahari haisemi nani alikuwa sahihi.

Aristotle, niliyemsoma katika kitabu kisicho na jalada nilichonunua Sabasaba, anaweka ushujaa katikati ya woga na ujuba. Hilo walimu hulitaja. Wasilolitaja ni kwamba mahali hapo hapo anawazungumzia mabaharia: anasema wao hubaki na matumaini katikati ya hatari kwa sababu ya uzoefu wao, na hilo analitenganisha na ushujaa. Nilipolisoma nilimkumbuka babu. Utulivu wake ulikuwa wake kwa haki, ameulipia kwa miaka ya mawimbi. Lakini sisi wa Dodoma tulipokaa kimya tukiigiza utulivu ule, tulikuwa tumeazima kitu tusichokuwa na rehani yake. Chombo kikipinduka, uzoefu wa babu unaogelea na babu. Haumbebi fundi cherehani.

Utaniambia, kijana, hiyo ni jeuri ya mwenye nauli. Mtu kafika jana, leo anamfundisha mwenyeji bahari. Naielewa hoja hii, kwa sababu na sisi huku tuna bahari yetu. Korongo la Dodoma wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira humo. Mgeni anafika masika, juu ya kichwa chake mbingu nyeupe, anataka kuvusha gari. Sisi tunamwambia ngoja, mvua imenyesha huko juu, maji yako njiani. Kinyasungwe haimwambii mtu "nakuja". Sasa jiulize: mgeni huyo akituuliza, "Jamani, hapa pako salama?", nani kati yetu atakasirika? Tutafurahi, tutamweleza mpaka achoke. Basi kuuliza si dharau. Dharau ni kudhani unajua.

Tena mwenyeji wa pwani anayo majibu mengi kuliko tunavyomwomba. Nenda Paje au Jambiani uwaulize akina mama wa mwani. Watakwambia bamvua ni lini na maji mafu ni lini, maji yanakupwa saa ngapi na yanarudi saa ngapi, kwa sababu kazi yao inafuata saa hiyo. Mgeni huona bahari imekwenda mbali, akatembea kuelekea mwambani akipiga picha, asijue kuwa maji yanaporudi hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yake. Swali moja tu kwa mama aliyebeba mwani lingetosha. Sijui kwa nini tunaona rahisi kuuliza bei ya pweza kuliko kuuliza saa ya maji.

Lakini nisilifanye jambo hili liwe la watalii tu, maana kisiwa ni makazi ya watu kabla hakijawa mapumziko ya wengine. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Meli ya kuchukua watu 645 pamoja na mabaharia wake ilikuwa na zaidi ya 2,000. Miezi kumi baadaye, 18 Julai 2012, MV Skagit, chombo kilichowahi kutumika katika jimbo la Washington huko Marekani, kikazama karibu na Chumbe kikitoka Dar es Salaam, katika upepo na mawimbi ya kusi. Waziri aliyehusika na usafiri Zanzibar akajiuzulu. Na wala si bahari tu: 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220 katika kivuko cha kubeba watu wapatao 100.

Sisi watu wa kati hatuna pa kujificha. Igandu iko hapa hapa mkoani kwetu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 wakapoteza maisha. Abiria wa Igandu angeuliza nini? Breki hazionekani kwa dirisha la daraja la tatu. Kuna hatari ambazo swali la abiria halizifikii, na hizo ni deni la mwenye chombo na la serikali, nukta. Anayemlaumu marehemu wa Igandu kwa kutokuwa mwangalifu anastahili kunyamazishwa.

Chombo kilichojaa ni habari nyingine, kwa sababu kinaonekana kwa macho. Na hapo napo macho hayatoshi. Mimi nikiikataa boti ya kisiwani, ninapoteza picha na nusu siku. Mpemba aliyekuwa Unguja usiku ule, likizo ya Idi imekwisha, mzigo uko mkononi, watoto wanamsubiri Wete, akiikataa meli analala wapi? Haki ya kuogopa tunayo sote, ila bei yake si moja. Ndiyo maana naona mgeni mwenye nauli ya ziada ana wajibu mkubwa zaidi wa kuuliza kwa sauti, kwa sababu yeye analipa kidogo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilizoea kuielewa kwa kitoweo, kwamba akija mgeni hata watoto wa nyumbani watakula nyama. Tangu siku ya yule kijana aliyeitwa mtalii kwa kuvaa jaketi, naisikia tofauti kidogo.

Inasemekana usiku ule wa Septemba wapo waliofika bandarini, wakaona meli ilivyoelemewa, wakakataa kupanda. Habari zao tulizijadili kijiweni kwetu Nkuhungu juzi. Mmoja akasema hao walifanya yote yaliyowapasa, mtu huokoa roho yake kwanza. Dada fundi cherehani, ambaye huwa haongei sana, akauliza kama walirudi nyumbani kimya au waliwaambia waliokuwa nyuma yao kwenye foleni. Hakuna aliyejua. Tulibishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akaondoka.