Mwaminifu Asiyejua Kazi



Likizo iliyopita nilikwenda kumtembelea baba mdogo huko Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, jimbo la Luapula nchini Zambia. Yeye hununua na kuuza dagaa wa Ziwa Mweru, ambao wenyeji huwaita chisense. Kibemba changu ni cha kuombea maji tu, lakini sikupata taabu kubwa. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na mashua zinazovuka huleta Kiswahili pamoja na mizigo. Mji wenyewe ni mdogo. Unaishi kwa samaki, kwa soko, na kwa nyumba za wageni zinazopokea watu wanaokuja kupumzika ufukweni.

Jioni moja baada ya swala ya isha tulikaa mkekani nje ya nyumba, mazungumzo yakafika kwenye halmashauri. Nchini Zambia mtendaji mkuu wa halmashauri ya mji kama huu ni katibu wa halmashauri. Hapigiwi kura, bali huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Serikali za Mitaa. Kwetu Tanzania mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Kwa vyovyote vile, pale mkekani hapakuwa na mwenye sauti katika jambo hilo. Hata hivyo baba mdogo akauliza: “Lau siku moja angetafutwa mpya, na sisi tukaulizwa, tungesema aletwe mtu gani?”

Mvuvi mmoja akasema aletwe mzaliwa wa ziwani, anayejua maisha yalivyo kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, miezi ambayo uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Baba mdogo akasema aletwe mcha Mungu asiyekula rushwa, mengine atajifunza. Mimi, msomi wa masomo ya Kiislamu, nikamuunga mkono upesi na hadithi mbili tatu nikaongeza. Jirani yetu, mama wa Kikristo mwenye nyumba ya wageni, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Sawa, mwanangu. Huyo mcha Mungu wenu, anajua kuondoa taka ufukweni?”

Tulicheka. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na sababu yake ni hii.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilipewa kazi ya kutunza fedha za futari za kikundi chetu. Nilichaguliwa kwa sababu sikosi jamaa alfajiri. Wallahi sikuchukua hata shilingi moja. Lakini sikuandika manunuzi, sikupanga fedha kwa siku, na kila aliyekuja na haja nilimpa. Ramadhani ilipofika siku ya ishirini, mfuko ulikuwa mtupu. Wapo wenzetu waliokuwa wakitegemea chungu kile, na siku zilizobaki walifuturu kwa maji na andazi. Watu walinitetea: “Ni mwaminifu huyu, si kosa lake.” Maneno yale yalinipendeza, nikayakubali. Leo nauliza: je, niliitekeleza amana, au niliikosa kwa njia ambayo haina jina la aibu?

Tumezoea kudhani kwamba kinyume cha uaminifu ni wizi peke yake. Tazameni kisa cha Abu Dharr (r.a.). Ni sahaba aliyesifiwa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe kwa ukweli wake. Hata hivyo alipoomba apewe uongozi, kama alivyopokea Imamu Muslim, Mtume alimwambia kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana ambayo Siku ya Kiyama itakuwa hizaya na majuto, ila kwa aliyeichukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu wake ndani yake. Uchamungu wa Abu Dharr haukuwa na shaka. Kilichokosekana ni uwezo wa kazi ile, na kwa hiyo hakupewa.

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti anayemshauri baba yake kumwajiri Musa (a.s.) anataja sifa mbili, nguvu na uaminifu, wala hakutosheka na moja.

Na tusidhani kuwa udhaifu hauna gharama. Mwaka 2022 serikali ya Zambia ilipandisha mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la uchaguzi kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7, fedha ambazo hupitia mikononi mwa halmashauri. Moja ya malalamiko makubwa ya mwaka ule ni kwamba fedha zilikaa bila kutumika, kwa taratibu ndefu na uhaba wa wataalamu. Fedha iliyokaa haijaibwa, lakini mtoto anayesubiri dawati bado ameketi sakafuni.

Baba mdogo alinipinga, na pingamizi lake ni zito. “Hodari asiye mwaminifu,” alisema, “atauza viwanja vyote vya ufukweni kwa ustadi mkubwa.” Ni kweli. Ibn Taymiyya, katika As-Siyasa ash-Shar'iyya, anakiri kwamba nguvu na uaminifu hukutana kwa nadra katika mtu mmoja. Jibu lake ni kuitazama kazi yenyewe. Kwenye vita hutangulizwa shujaa, kwenye kulinda mali hutangulizwa mwaminifu, na mmoja asipotosha, waunganishwe wawili, huyu azibe pengo la yule. Basi kwa mji kama Nchelenge, atakayeongoza ajue kazi, na ufunguo wa hazina awe nao mwingine. Tena wote wawili wakaguliwe, maana anayekataa kukaguliwa kwa kuwa anaswali ameigeuza swala kuwa ngao.

Ndugu zangu, wengi wetu tutaomba kazi baada ya miaka miwili au mitatu. Nabii Yusuf (a.s.), alipoomba asimamie hazina za Misri, alijieleza kwa sifa mbili: mlinzi na mjuzi. Sisi mara nyingi tunajiandaa kwa ile ya kwanza na kudhani ya pili itakuja yenyewe. Mwaka huu nimejiandikisha somo la uhasibu, ingawa si la fani yangu na alama zangu za hesabu mnazijua. Wale waliofuturu kwa andazi nimewaomba msamaha mmoja mmoja. Wawili walikwisha kuhitimu, nao bado nawatafuta.

Allah atujaalie tuwe waaminifu wanaojua kazi. Amin.